Lazima aonje: Maisha ya fundi wa vepu wa Buguruni

Jua limeshapanda juu ya mabati ya Buguruni, na Bernadeta Nalinga ameinamia meza yake ya mbao kwenye kibaraza cha duka la Mazin. Mkono wa kushoto ameshika kibano. Wa kulia ameshika kichuma kidogo, ukubwa wake haufiki hata kizibo cha soda. Anakigeuza, anakinusa, kisha anakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu.

Mbele yake amesimama dereva wa bajaji, funguo zinaning'inia kidoleni.

"Sista, hii inaungua. Nikivuta napata ladha ya nguo iliyounguzwa na pasi."

"Unavuta mfululizo," Bernadeta anamjibu. "Pamba haipati nafasi ya kunywa juisi. Mwisho wake unachoma pamba kavu."

Dereva analazimika kuinama ili amsikie. Sauti ya mama huyu wa miaka arobaini na mbili ina mkwaruzo na inatoka kwa vipande, kama ya mtu aliyeshinda uwanja wa mpira akishangilia. Wateja wapya hudhani ana mafua.

Anaichomoa pamba ya zamani, imekuwa nyeusi kama masizi. Anaosha waya, anaukausha, anaupitishia umeme mpaka unawaka mwekundu, kisha anausugua kwa mswaki mkavu. Anapitisha pamba mpya katikati ya mizunguko ya waya, anaikata ncha, anaidondoshea juisi na kuiacha ilowe. Anafunga tangi, anafuta mdomo wa kifaa kwa kitambaa chenye spiriti.

Halafu anakiweka kinywani na kuvuta. Mashavu yanabonyea. Anaushikilia mvuke kidogo, macho kayafumba, kisha anautoa taratibu. Kikohozi kinamkamata kabla mvuke haujaisha. Anajikunja, mkono kifuani, mpaka muuza maji wa jirani anageuka kumtazama.

"Iko sawa," anasema akipata pumzi. "Chukua."

Dereva anaipokea, anavuta, anatabasamu. Hamuulizi fundi wake kama yeye yuko sawa.

Kazi ya Bernadeta ni kuzipa umri mrefu sigara za umeme, zile ambazo vijana wa mjini huziita vepu. Hasa anashughulika na sehemu moja tu, atomaiza, yaani kile kichwa chenye waya na pamba kinachogeuza juisi ya ladha kuwa mvuke. Betri ya vepu inaweza kukaa muda mrefu, lakini kichwa hicho huchoka upesi. Sukari ya juisi huganda kwenye waya, pamba huungua, pete za mpira hulegea na juisi kuanza kuvuja.

Mwenye pesa hununua kichwa kipya kwa shilingi elfu kumi na tano au zaidi. Asiye nazo humletea Bernadeta, akalipa elfu tatu na kuondoka na kile kile cha zamani kikiwa kimefufuka.

"Kuna wateja wangu wametumia kichwa kimoja mwaka mzima," anasema, na kwa mara ya kwanza uso wake unachangamka. "Mie nawaambiaga siri ni ndogo tu. Osha kabla hakijaganda. Ukiweka pamba mpya usivute papo hapo, iache inywe kwanza. Usipandishe moto mpaka mwisho. Na hizo juisi tamutamu za keki na embe, zipunguze, ndizo zinazoua waya."

Alizaliwa Newala, mtoto wa mchonga vinyago. Alikuja Dar es Salaam akiwa mke mchanga wa Stephano, naye mchongaji, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipeleka kazi zake za mpingo kwa wauzaji wa Mwenge. Wakapanga vyumba viwili Buguruni. Wakapata mtoto mmoja, Jesca.

Mauzo ya vinyago yalipolegea, Bernadeta alianza kutengeneza visikilizio vya simu. Aliomba nafasi kwenye kibaraza cha duka la ukoo wa Mazin, ukoo wa Kiarabu ambao umeuza bidhaa Buguruni tangu enzi za babu. Mazin, kijana wa miaka thelathini, alimkubalia bila kodi.

"Nilimjua kanisani kwao kabla sijamjua hapa," Mazin anasema akicheka. "Si kwamba nilikuwa naenda kanisani! Duka letu la zamani lilikuwa ukuta kwa ukuta na kanisa. Jumapili asubuhi sie tunafungua duka, kule ndani kuna mama mmoja anaimba. Marehemu baba alikuwa anapunguza redio amsikilize. Ndiye huyu Mama Jesca."

Bernadeta alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya ya parokia. Hakusoma muziki popote. Alikuwa na sauti nyembamba, ndefu, iliyopanda bila kujilazimisha. Alialikwa kwenye harusi za watu asiowajua. Akifua anaimba, akichambua mchele anaimba. Stephano anasema alizoea kupiga patasi kwa mwendo wa nyimbo za mkewe, na akikosea mchongo alikuwa anamsingizia yeye kwamba amebadilisha mwendo bila taarifa.

Vepu ziliingia dukani kupitia kwa Muhsin, mjomba wake Mazin anayeishi Muscat. Alikuja likizo na sanduku zima la vifaa, akaviuza vyote kabla likizo haijaisha. Wateja walipoanza kurudi na malalamiko ya kuungua na kuvuja, alimwona Bernadeta pale kibarazani akichokonoa waya za visikilizio.

"Dada, una mikono ya kazi hii," alimwambia. "Kaa nikuonyeshe."

Alimfundisha kwa siku chache, kwa subira. Alimwonyesha namna ya kuzungusha waya, namna ya kupima umeme kwa mita, namna ya kuweka pamba isiwe nyingi ikakaba wala chache ikavuja. Siku ya mwisho alimkabidhi moja aliyokuwa amemaliza kuitengeneza.

"Sasa vuta."

"Mie sivuti, kaka Muhsin. Sijawahi hata sigara."

"Mita inakwambia umeme unapita, haikwambii ladha. Haikwambii kama juisi itamrukia mtu mdomoni. Fundi wa chakula huonja, na wewe utaonja. Kidogo tu, unatema."

Bernadeta alivuta. Anakumbuka alishikwa na kizunguzungu, akaenda nyuma ya duka kutapika. Muhsin alimletea maji, akamwambia atazoea.

"Na kweli nilizoea," anasema. "Hilo ndilo baya."

Kazi ilikua kuliko alivyotarajia. Wateja walitoka Temeke, walitoka Tandale, wengine walituma vifaa kwa bodaboda kutoka Kinondoni. Kwa mara ya kwanza Bernadeta alipata kuliko mumewe. Jesca alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, ada ilitoka kwenye meza ile. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Moshi wenyewe ulinukia embe na vanila, na kila mtu alisema ule si moshi, ni mvuke tu.

Kila kifaa kilichotoka mkononi mwake kilipita kwanza kinywani mwake. Kuna siku alionja kimoja, kuna siku alionja vingi mpaka hakuvihesabu. Baadhi vilikuwa na juisi kali sana, iliyojaa nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomnasa mvutaji, ya watu waliokuwa wakijaribu kuacha sigara za kawaida. Fundi hachagui. Alionja vyote.

Hakujua kilichokuwa kinamtokea mpaka Jumapili moja, siku ambayo meza haifunguliwi. Alikuwa amesimama kwenye kwaya, misa ikiendelea, mara viganja vikaanza kutoa jasho. Akawa na hasira asizojua zimetoka wapi. Mwenzake alimkanyaga bahati mbaya, naye nusura amsukume. Alirudi nyumbani akidhani ni malaria, akaenda kupima. Hakukuwa na malaria.

"Jumatatu nikafika kazini bado natetemeka," anasimulia. "Mteja wa kwanza akaja, nikatengeneza, nikavuta. Kule kutetemeka kote kukaondoka, kama mtu amezima swichi. Nikabaki nimekishika kile kifaa. Mteja ananiambia, 'Sista, vipi, nipe basi changu.' Nami nashindwa kumpa."

Tangu siku hiyo alijitengenezea cha kwake, kwa vipuri vilivyobaki. Alikificha kwenye pindo la kitenge.

Sauti haikuondoka kwa siku moja. Kwanza ziligoma noti za juu, akasingizia vumbi. Mwalimu wa kwaya, Benjamin, kijana aliyemheshimu kama dada yake, alimhamishia sauti ya pili na kumwambia ni kwa muda tu. Baadaye Bernadeta akawa anafungua mdomo bila kutoa sauti, ili mstari usionekane una pengo. Siku moja, kabla ya mazoezi, Benjamin alimfuata nje.

"Dada Bernadeta, shikamoo. Pumzika kidogo. Ukipona utarudi, nafasi yako ipo."

"Marahaba," alijibu. Akavua sare ya kwaya nyumbani, akaikunja, na hajaivaa tena.

Stephano hakuuliza. Ni mtu wa maneno machache, mwenye mabega mapana na macho mekundu kwa vumbi la mpingo. Alikaa mlangoni na gogo lake, akachonga kimya wiki nzima, kisha jioni moja akaiweka patasi chini.

"Nyumba imenyamaza, Mama Jesca," alisema.

"Nimechoka tu."

"Umechoka, au ni kile unachokificha kwenye kitenge?"

Hapo ndipo alipojua kwamba mumewe alikuwa anajua. Alilia. Aliahidi kuacha. Aliacha kwa siku kadhaa, kwa maana ya kutotumia cha kwake, lakini mezani aliendelea kuonja vya watu. Mwisho akarudi kwenye cha kwake vilevile, na safari hii Stephano hakuiweka patasi chini.

Kilichomvunja zaidi kilitokea Newala.

Mama yake, Marietha, alikuwa ameugua muda mrefu. Kila Bernadeta alipopiga simu, mama alimwomba amwimbie kidogo, wimbo wa Bikira Maria waliouimba pamoja wakati wa kutwanga, Bernadeta akiwa bado mtoto. Alipoanza kupoteza sauti, Bernadeta alisingizia mtandao mbaya. Alisema simu inakatika. Mama alikubali, na kila alipoaga alirudia neno lile lile.

"Basi utaniimbia siku ya kunizika. Siku hiyo hakuna mtandao."

Alilisema kwa utani, mama na binti wakicheka. Bernadeta alijibu, "Nitakuimbia, mama."

Simu ya msiba ilimkuta mezani. Aliacha kichwa cha vepu ya mteja kikiwa wazi, pamba nusu ndani nusu nje, akapanda basi la kusini yeye na Stephano. Safari nzima alikuwa anajipa moyo kwamba hewa ya kwao itamsafisha kifua. Alikunywa maji ya moto yenye tangawizi kila basi liliposimama. Alijaribu sauti yake chini chini, uso ameuelekeza dirishani.

Mazishi yalikuwa mchana, watu wamejaa uwanjani. Padri alipomaliza, katekista alisema kwamba marehemu aliacha wosia wa kuimbiwa na binti yake, na kwamba binti huyo ni mwimbaji mkubwa wa Dar es Salaam. Watu walifungua njia. Bernadeta alisogea mpaka kwenye kaburi.

"Nilifungua mdomo," anasema. "Ikatoka hewa. Hewa tupu, kama tairi iliyopasuka. Nikajaribu tena, kikatoka kikohozi. Nilikohoa juu ya jeneza la mama yangu. Nilikohoa mpaka Stephano akaja kunishika."

Wanawake waliokuwa nyuma yake waliuanzisha wimbo wenyewe ili kumsitiri. Waliuimba mpaka mwisho. Wengi walidhani ni uchungu umemkaba, wakamwonea huruma. Huruma hiyo ndiyo ilimchoma, kwa kuwa haikuwa stahili yake.

Viganja vikaanza kutoa jasho. Kabla kaburi halijamalizika kufukiwa, alipenya katikati ya watu akaenda nyuma ya jiko la mama yake, akafungua pindo la kitenge.

Shangazi yake alikuwa amemfuata ampe maji. Alimkuta amechuchumaa ukutani, mvuke mweupe unamtoka mdomoni na puani, harufu ya embe imetanda.

"Bernadeta," shangazi alisema, kikombe mkononi. "Wenzako wanamfukia mama yako, wewe uko huku unafuka moshi?"

Shangazi aliyamwaga maji chini, akaondoka. Hakuwaambia watu, au kama aliwaambia, hakuna aliyemfikishia Bernadeta. Lakini walipoaga kurudi Dar es Salaam, shangazi hakutoka ndani kuwasindikiza.

"Kwetu, mtu asipokusindikiza amekwambia kila kitu," anasema.

Aliporudi alikwenda kituo cha afya. Alipokelewa na tabibu aitwaye Eliaichi, mama wa makamo, aliyemsikiliza kifua kwa muda mrefu na kumpeleka kwa daktari wa koo. Majibu yalisema nyuzi za sauti zimevimba na kuchubuka, na kifua kina mkoromo.

Eliaichi alimweleza bila kuzunguka. "Siwezi kuapa kwamba ni vepu peke yake. Ila najua hutapona ukiendelea kuvuta. Ukiacha sasa, sauti inaweza kurudi kidogo. Ya zamani sikuahidi. Usipoacha, hata hii unayoongea nayo utakuja kuitafuta."

"Niache vipi, daktari, na ndiyo kazi?"

"Basi tafuta kazi nyingine, mama."

Bernadeta anasema alitamani kucheka. Jesca alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Stephano alikuwa hajauza kinyago hata kimoja tangu mwezi uliopita.

Alijaribu njia ya katikati. Alimwambia Mazin kwamba ataendelea kusafisha na kubadilisha pamba, lakini hataonja tena, wateja waonje wenyewe. Mazin alikubali. Bernadeta aliongeza umakini kwenye mita, akawa anabonyeza kitufe na kuangalia mvuke kwa macho tu, akawa anageuza kila tangi chini juu kuona kama linavuja.

Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda. Kisha akaja mtu mmoja aliyevaa shati jeupe, akachukua kifaa chake na kuvuta kwa nguvu. Pete moja ya mpira ilikuwa imekaa upande. Juisi ilimrukia mdomoni, nyingine ikamwagikia kifuani. Alitema, akatukana, akakibamiza kifaa mezani, kioo kikapasuka.

"Fundi gani wewe? Kwa nini hukuonja?"

Mazin alimrudishia hela yake, akamwomba radhi, akampa tangi jipya. Mtu yule alipoondoka, Mazin alivuta kiti akakaa karibu na meza.

"Shikamoo, Mama Jesca."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

"Hapana, usiniombe msamaha. Najua unaumwa. Lakini wateja watatu wameniuliza wiki hii kama fundi wa zamani ameondoka. Wanasema kazi imebadilika." Alisita. "Mie sikulazimishi. Nakwambia tu wanavyosema."

Siku iliyofuata Bernadeta alianza kuonja tena. Mazin alimwona, akaingia ndani kupanga bidhaa. Hata leo akiulizwa kuhusu siku ile, anainamisha macho.

"Ningemwambia nini?" anasema. "Nikimwambia acha, namfukuza kazi. Nikinyamaza, namwua. Nilinyamaza."

Kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekitarajia ni kwamba kazi yenyewe ingekufa. Ziliingia sokoni vepu za kutupa, ndogo, za rangi za kung'aa, ambazo haziwekwi juisi wala hazifunguliwi. Mtu anavuta mpaka iishe, anaitupa, ananunua nyingine. Bei yake ilishuka, vijana wakazipenda. Mtaroni mbele ya duka zimelala nyingi, za pinki na za kijani, zikisubiri mvua izizoe.

Bernadeta alijaribu kuifungua moja kwa koleo aone kama inatengenezeka. Ndani alikuta waya ule ule, pamba ile ile, lakini vimegundishwa kwa namna ambayo ukikifungua umekivunja.

"Aliyekitengeneza hakutaka kidumu," anasema, akikitikisa kiganjani. "Amekitengeneza kife."

Wateja wakapungua. Siku nyingine alishinda kibarazani mpaka jioni na kupata mmoja, labda wawili. Katikati ya ukimya huo alivuta cha kwake, kwa kuwa hakuna cha mteja. Alikuwa ameingia kazini akiwa hajui kiu ya nikotini. Sasa kazi ilikuwa inaondoka, na ile kiu inabaki.

Ndipo Mazin alipokuja kumwomba radhi. Alihitaji kibaraza kwa ajili ya kabati la kioo la vepu za kutupa. Alimpa muda mpaka Idi ipite, na aliposikia kwamba wanahama kwa kushindwa kodi ya vyumba, akamlipia lori la kuhamisha vyombo. Bernadeta hakumlaumu. Alisafisha meza yake kwa spiriti kana kwamba kesho atakuja kuitumia.

Wiki chache baadaye, mwandishi wa makala haya anamkuta Bunju, nje kidogo ya Barabara ya Bagamoyo, kwenye kiwanja cha Apolonia, mdogo wake Stephano. Apolonia amewapa chumba kimoja na robo ya kiwanja. Bernadeta amepanda mchicha na matembele. Anakwenda kuuza kwa wapita njia asubuhi, anarudi kumwagilia. Maji ni ya kununua kwa madumu, na mchicha uliopandwa kwanza umeliwa na kuku wa jirani.

Amekonda. Ngazi tatu za kibaraza anazipanda akipumzika katikati. Jesca amepiga simu kwamba huenda akaahirisha mwaka wa mwisho, na mama yake hakuwa na nguvu ya kumbishia.

"Huku kuna hewa nzuri," anasema Apolonia, mwanamke mnene mwenye bashasha, akimwekea wifi yake kiti kivulini. "Tulimwambia aje apumzike. Vile vidude vyake vyote amemwachia yule Mwarabu. Waya, pamba, koleo, kila kitu. Amekuja na mikono mitupu."

Bernadeta anasubiri Apolonia aingie jikoni. Kisha anatazama alipo Stephano, upande wa pili wa kiwanja, akiwa amegeukia gogo lake.

"Si mitupu," ananong'ona.

Anaingiza mkono kwenye pindo la kitenge na kuitoa. Ni vepu nyeusi, kongwe, yenye tangi dogo la kioo. Alikuwa ameifunga ndani ya taulo siku ya kuhama. Walipofika Bunju, alifungua taulo akakuta limekunjwa upya, kingo zimelinganishwa kwa ufundi ambao yeye hana. Ni mikunjo ya Stephano. Stephano aliiona vepu, akairudisha mahali pake, na mpaka leo hajamtajia mkewe.

"Angeitupa ningegombana naye," anasema. "Angenigombeza ningelia. Ameirudisha. Sasa nifanye nini na mtu kama huyo?"

Anasema hana ahadi kubwa tena. Hasemi ataimba. Hasemi atakwenda Newala kumwomba shangazi msamaha, ingawa anaota yuko njiani kwenda. Mpango wake ni mmoja, na ameuandaa kwa makusudi tangu siku alipomkabidhi Mazin vifaa vyote. Hapa Bunju hana waya wa kuzungusha, hana pamba wala mita. Dukani hawauzi vichwa vya aina hii tena. Kichwa hiki kikifa, hana namna ya kukifufua, na amejiapiza hatagusa zile za kutupa.

Kwa hiyo anakiua. Hakioshi. Anakiwekea juisi ya embe, tamu kuliko zote, ambayo kijana wa bodaboda humletea kutoka mjini. Anapandisha moto mpaka mwisho. Anavuta mfululizo pamba ikiwa kavu, mpaka koo linawaka.

"Kila nililowakataza wateja, ndilo ninalolifanya," anasema. "Kingekuwa cha mtu mwingine kingekuwa kimeungua wiki ya kwanza. Nasubiri siku nikibonyeza kisiwake. Siku hiyo nitaanza kuhesabu siku za kuacha."

Anaiinua vepu kwenye mwanga, anachungulia kupitia kioo chenye ukungu wa kahawia. Anabonyeza kitufe. Ndani, waya unawaka mwekundu, laini, sawasawa kutoka upande hadi upande. Anautazama kwa muda mrefu.

"Tatizo," anasema kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, "hiki nilikitengeneza vizuri."